Naomba ushauri: almanaka ya 1986 bado inafaa kupimia nyota?

Habari zenu wakuu. Nimerithi sekstanti (kifaa cha kupimia pembe kati ya nyota na upeo wa bahari) na almanaka ya mabaharia (kitabu cha mahali pa nyota angani) ya mwaka 1986 kwa marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia. Kurasa zimenata kwa chumvi, ila orodha ya nyota 57 inasomeka yote.

Juzi usiku nilikwenda ufukweni hapa Tanga nikapima Suheli (Wazungu huiita Canopus) ilipokuwa kusini-mashariki, upeo wa bahari ukionekana wazi. Nilipiga hesabu mara tatu, na kila mara mstari wa mahali nilipo, unaotokana na kipimo, ulipita kama maili 6 za bahari mbali na niliposimama. Sekstanti nimeikagua, haina kosa.

Ninavyoelewa, mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia ya watoto inayozunguka, mzunguko mmoja miaka kama 26,000, hivyo namba za mahali pa nyota husogea hadi kama sekunde 50 za digrii (sekunde 60 ni dakika moja, dakika 60 ni digrii moja) kila mwaka, kutegemea nyota. Kwa karibu miaka 40 hiyo inaweza kufika zaidi ya nusu digrii, na dakika moja ya digrii ni maili nzima baharini!

Swali langu: nirekebishe namba za 1986, au nianze upya na katalogi ya Hipparcos ya 1997 (orodha ya nyota zilizopimwa na setilaiti)? Nikianza upya, upotofu wa mwanga (nyota kuonekana imesogea kidogo kwa sababu dunia inakwenda) unaofika sekunde 20 za digrii niuhesabu, au kwa sekstanti ya mkononi hauna uzito? Mwenye mfano wa hesabu ya nyota hata moja, tafadhali anionyeshe hatua kwa hatua. Nataka sana kuwafundisha vijana wawili wa hapa nyumbani, na sitaki niwape namba mbovu.