Nataka kutoka London kuhamia Hastings, mji mdogo wa pwani. Wenye uzoefu naombeni ushauri

MtotoWaRaskazone
Wakuu habari za humu. Naomba mnisome hadi mwisho, kichwa kimejaa.

Naishi Barking, London mashariki, na mke wangu na mtoto wetu wa miaka minne. Chumba kimoja na sebule tunalipa pauni 1,500 kwa mwezi, hapo bado kodi ya kaunsili na umeme. Mimi ni dereva wa vani, nasambaza mizigo. Nimechoka. Nimezaliwa Tanga, nimekua nasikia maji usiku. Hapa nikifungua dirisha naona ukuta wa jirani na pipa lake la taka.

Kiangazi kilichopita nilipata mzigo wa Hastings, nikamaliza mapema nikashuka ufukweni. Kule hakuna bandari, wavuvi wanasukuma maboti kwa trekta juu ya kokoto. Pembeni kuna vibanda vyeusi vya mbao vya kuwekea nyavu, vyembamba na virefu kama vimevutwa kwenda juu. Wazee wamekaa wanabishana kuhusu samaki. Nikasema huku ndiko.

Nyumba ya vyumba viwili kule ni 1,100. Naomba kujua baridi na unyevu ukoje, mtoto mweusi atasumbuliwa shuleni au la, kazi za vani zipo, na msikiti upo. Kejeli sitaki, nataka wenye uzoefu.

Kibuyu cha Asali
Nimeweka kambi hapa. Hastings si ndiko yule mfalme Harold alipigwa mshale wa jicho 1066? Watu wanakimbia, wewe unakwenda.

Ngalawa Moja
Mkuu, nimeishi St Leonards, ni pua na mdomo na Hastings. Nikujibu ulivyouliza.

Bahari ile si ya Raskazone ya kwenu Tanga. Ni kokoto tupu, ukitembea peku utajuta, na maji hata Agosti ni nyuzi 17 au 18. Februari usiguse. Upepo ndio kazi yake. Nyumba nyingi ni za zamani, enzi za Malkia Victoria, na zile zinazotazama bahari zinakula chumvi na unyevu. Ukienda kukagua usiangalie mandhari dirishani. Sogeza kabati uangalie ukuta wa nyuma, unuse. Ukikuta rangi mpya kwenye kona moja tu, ujue wamefunika ukungu.

Msikiti upo St Leonards, mtaa wa Mercatoria. Weusi si wengi lakini watu wamezoea wageni, wengi wao wenyewe wametoka London. Kazi ndiyo shida, majira ya baridi mji unalala. Treni hadi London Bridge ni kama saa moja na nusu ikiamua kuja. Na chipsi kula ndani, shakwe wa kule wanapora mkononi.

Kibuyu, vita ile ilipiganwa mji unaoitwa Battle, nje ya Hastings. Jina tu ndilo limechukuliwa.

Mzee wa Pongwe
Kijana, mtu wa Tanga anatafuta bahari kwa Waingereza? Rudi nyumbani. Bomba la mafuta kutoka Hoima linaishia Chongoleani, kilomita 1,443, na viwanja vya upande ule si vya bei ya zamani. Hiyo 1,100 ya kila mwezi ukiitunza mwaka mmoja una msingi wa nyumba. Kama unahitaji kiwanja chenye hati njoo inbox.

Kibuyu cha Asali
Dalali hajawahi kukosa uzi.

Mtoto wa Ruwi
Mimi nilifanya hivyohivyo Oman. Nilikuwa Muscat, pale Ruwi. Zamani ulikuwa huwezi kubadili mwajiri bila barua yake ya kutokuwa na pingamizi. Walipoifuta Januari 2021 nikasema sasa naondoka kwenye fujo, nikapata kazi Sur. Mji wa majahazi, bahari iko mlangoni, kobe wanapanda kutaga Ras al-Jinz. Na wazee wapo waliozaliwa Unguja, Kiswahili chao kitamu kuliko chetu. Miezi ya mwanzo nilikuwa napiga picha kila magharibi.

Halafu picha zikaisha. Kila Alhamisi jioni nikawa nawasha gari narudi Ruwi kukaa na wenzangu, Jumamosi usiku nageuza. Mafuta na uchovu vikala ile tofauti ya kodi yote. Nikarudi Muscat. Sur sina neno nayo, ila sikuwa nimeuliza mle ndani nitaongea na nani.

MtotoWaRaskazone
Ngalawa Moja ahsante sana, hayo ndiyo majibu. Mzee wa Pongwe, kurudi bado. Mtoto wa Ruwi, wewe ulikuwa peke yako, mimi nina familia.

Bi Tatu wa Leicester
Kaka, una familia ndiyo, lakini uzi mzima umemtaja mkeo mara moja tu. Anafanya kazi gani? Na viza ya kukaa hapa ni ya nani?

MtotoWaRaskazone
Dada, viza ni ya familia, haina shida. Swali langu ni kuhusu unyevu na shule.

Bi Tatu wa Leicester
Viza ya familia ni ya aliyeoa raia au mwenye ukazi wa kudumu. Mkeo ni Muingereza?

Kibuyu cha Asali
Nasogeza kiti.

MtotoWaRaskazone
Haya. Mke wangu ni nesi, hospitali ya katikati ya London. Viza ni yake, ya wafanyakazi wa afya. Mimi na mtoto ni wategemezi wake. Lakini sheria inaniruhusu kufanya kazi popote, kwa hiyo sioni inahusiana vipi.

Bi Tatu wa Leicester
Wewe popote, yeye hapana! Udhamini wake ni wa hospitali iliyomwajiri. Akitaka kuhamia hospitali ya pwani lazima wale wampe cheti cha udhamini cha kwao na aombe viza upya kabla hajaanza. Inawezekana, mimi nilihama hivyo, na miaka yake ya kuelekea ukazi wa kudumu haipotei. Ila nafasi zenye udhamini hazimwagwi kama njugu. Na manesi wa London ya ndani wana nyongeza ya asilimia 20 juu ya mshahara wa msingi. Akivuka kwenda Hastings inakuwa sifuri. Umeipigia hesabu pamoja na hiyo tofauti ya kodi?

Akibaki hospitali yake, shifti ya asubuhi ni saa moja na nusu, anatoka saa mbili usiku. Jumlisha treni kwenda na kurudi. Mtoto atamwona akiwa amelala.

Yeye anasemaje?

MtotoWaRaskazone
Tumeshaongea. Kimsingi hakatai.

Ngalawa Moja
Kimsingi, mkuu?

MtotoWaRaskazone
Alisema tuangalie baadaye. Lakini mnajua wanawake, akiona nyumba atafurahi. Tena yeye ndiye alikuwa ananiambia tangu tuko Tanga kwamba anapenda bahari. Mimi nataka nimwandalie kila kitu, yeye aje na begi tu.

Na kusema ukweli nimeshalipa pauni 250 ya kushikiliwa nyumba.

Ustaadh wa Mtandaoni
Assalaam alaykum. Ndugu yangu, uongozi wa mume haumaanishi kufanya mambo kichinichini. Jambo la nyumba ni la mashauriano. Hata mtoto kumwachisha ziwa Qur'ani imetaja wazazi waridhiane na washauriane, sembuse kumhamisha mke mji.

Chuma Ulete
Tatizo ni mwanaume kuwa mtegemezi. Ukishaitwa mtegemezi kwenye makaratasi ya serikali hata ubishi unakuwa wa kujificha. Rudi Bongo uwe mwanaume.

MtotoWaRaskazone
Chuma Ulete chunga mdomo. Ada ya mtihani wake wa Kiingereza, usajili wa unesi, tiketi, nani alilipa? Niliuza pikipiki mbili na kiwanja alichoniachia marehemu mama. Hiyo viza ina jina lake lakini jasho ni langu. Tangu tumefika anapanga yeye: shifti zake, likizo yake, mtaa wa kukaa kwa sababu ya treni yake. Siruhusiwi kupanga jambo moja?

Mama Wawili
Sasa hapo ndipo umeongea. Kumbe haikuwa bahari.

Bi Tatu wa Leicester
Pole kaka, hilo nalielewa, mume wangu naye alipita hapo. Lakini nina swali jingine. Mawakala wengi wanataka kipato cha mwaka mara 30 ya kodi ya mwezi. Kwa 1,100 ni 33,000. Kwa vani, ulipitaje?

MtotoWaRaskazone
Niliweka na mshahara wake. Karatasi zake za mshahara ziko kwenye kompyuta ya nyumbani. Na nilimwonesha wakala kadi zetu za ukazi, zile BRP, yangu na yake, akasema sawa.

Inspekta Mstaafu
Nilikuwa kimya nasoma. Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga.

BRP ziliisha muda 31 Desemba 2024, sasa ni viza ya mtandaoni. Na hata kabla ya hapo, tangu Aprili 2022 mwenye nyumba haruhusiwi kutumia kadi ile kukukagua kama una haki ya kupanga. Unaingia kwenye akaunti yako ya viza, unapata namba ya kumpa, anaangalia mwenyewe. Na kila mtu mzima atakayeishi mle anakaguliwa. Ya mkeo uliitoa wapi wakati kuingia tu kunatuma ujumbe kwenye simu au barua pepe yake? Huyu yuko Mbagala ameangalia video za Hastings.

Kibuyu cha Asali
Leteni vitumbua.

Chuma Ulete
Nilijua. Pikipiki mbili na kiwanja, hapo nilisikia harufu ya tangawizi.

Mzee wa Pongwe
Chai au si chai, viwanja vipo.

Mama Wawili
Hata kama ni chai, wanaume wa hivi ninao watatu kwenye ukoo. Endelea kumimina, mwanangu.

Ngalawa Moja
Inspekta, tuliambiwa tuzitunze zile kadi hata zikiisha muda. Yangu iko kwenye pochi. Mtu kuitoa si ajabu.

Inspekta Mstaafu
Kuitoa sawa. Wakala kuikubali ndiyo chai.

MtotoWaRaskazone
Nimewasoma wote. Sina haja ya kumdanganya mtu nisiyemjua saa saba usiku. Wakala hajafanya ukaguzi. Kadi alizitazama kuandika majina tu, akasema atanitumia kiunga, kila mmoja aweke namba yake ya viza mtandaoni. Kiunga kimekuja jana. Changu nimejaza. Cha kwake nimekwama, ndiyo maana nimeandika uzi.

Inspekta umeridhika?

Inspekta Mstaafu
Nusu. Weka picha ya hicho kiunga, ziba majina.

Bi Tatu wa Leicester
Usiweke picha yoyote humu. Kwa hiyo swali lako halikuwa unyevu. Ulitaka tukwambie namna ya kupata namba ya mkeo bila yeye kujua.

MtotoWaRaskazone
Nilitaka kujua kama naweza kuingia mimi kwanza kama mpangaji peke yangu, yeye aongezwe baadaye.

Ngalawa Moja
Kwa kipato chako peke yako watakukataa, umeshaona. Na ukimficha mtu mzima atakayeishi mle unampa mwenye nyumba taarifa za uongo, hapo hiyo 250 wana haki ya kubaki nayo. Ukijitoa mwenyewe nayo imekwenda, lakini haiwezi kuzidi kodi ya wiki moja, ndiyo sheria ya 2019. Pauni 250 si mwisho wa dunia. Piga simu, jitoe, mambo yaishe.

MtotoWaRaskazone
Ingekuwa 250 tu ningeshajitoa.

Bi Tatu wa Leicester
Nini tena?

MtotoWaRaskazone
Barking nimeshatoa notisi. Mkataba wetu wa mwaka uliisha, tunaendelea mwezi kwa mwezi. Nilimwandikia mwenye nyumba barua pepe wiki iliyopita. Lakini nimeandika kwa niaba yangu, jina lake bado liko kwenye mkataba, kwa hiyo yeye na mtoto hawaguswi.

Bi Tatu wa Leicester
Astaghfirullah. Kaka, wanaguswa. Mkataba wa pamoja ukishakuwa wa mwezi kwa mwezi, notisi ya mpangaji mmoja iliyotolewa kihalali inaumaliza kwa wote wawili. Umemtolea mkeo notisi ya nyumba anayolala. Na huwezi kuifuta peke yako, mpaka mwenye nyumba akubali.

Amka sasa hivi. Kesho asubuhi piga simu Citizens Advice au Shelter, mashirika ya kushauri wapangaji, ni bure, uwasomee hiyo barua pepe neno kwa neno, inawezekana hukuiandika kihalali na hilo litakuwa bahati yako. Halafu mwandikie mwenye nyumba kabla hajaitangaza. Lakini kabla ya wote hao, mkeo. Asije akaambiwa na mtu anayekuja kupima madirisha.

Chuma Ulete
Sasa natamani iwe chai.

Mtoto wa Ruwi
Na mimi.

MtotoWaRaskazone
Yuko shifti ya usiku, anarudi saa tatu asubuhi. Akirudi huwa amechoka, simsemeshi hadi ameamka.

Mama Wawili
Leo utamsemesha kabla hajalala. Weka chai ya kweli mezani, toa hiyo barua pepe, nyamaza akisoma. Na usianze na habari za pikipiki.

MtotoWaRaskazone
Sawa mama. Unyevu nitauliza siku nyingine.

Inspekta Mstaafu
Ukimaliza urudi na mrejesho. Bado nimeridhika nusu.

Kibuyu cha Asali
Ngalawa Moja, hiyo nyumba ya Hastings ya vyumba viwili kwa 1,100, jamaa akijitoa, wakala ni nani? Mimi niko Croydon, mke wangu anafanya kazi pwani na viza ni yangu.