Mke AS, mume AS, mimba wiki ya 10: mtoto atibika tumboni?

MkungaWete: Assalaam alaykum. Kliniki yupo mama mwenye mimba ya wiki 10. Yeye AS, mume AS (kila mmoja amebeba jeni moja ya sikoseli bila kuugua), mtoto wao wa mwanzo ni SS (jeni zote mbili, anaugua). Wameona kwenye simu kwamba nje watoto wanatibiwa maradhi ya kurithi wakiwa tumboni, sasa wanataka kuuza karafuu zote wasafiri. Niwaambie nini?

DktDamu: Waalaykum salaam. Walichokiona ni kweli, ila si sikoseli. Kanada mwaka 2021 kijusi chenye ugonjwa wa Pompe, wa kukosa kimeng'enya kimoja mwilini, kilitiwa kimeng'enya hicho kupitia mshipa wa kitovu, mara sita, kila baada ya wiki mbili. Maradhi yale huanza kuharibu moyo mtoto akiwa bado tumboni, ndiyo maana waliwahi. Sikoseli haina haraka hiyo: kijusi kinatumia himoglobini F, ambayo haipindishi chembe za damu, na kinga hiyo hubaki miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 ni ya wenye miaka 12 na zaidi, na hutanguliwa na kemo (dawa kali kama za saratani) ya kusafisha uboho, yaani kiini cha mifupa kinachotengeneza damu. Kijusi utakipa kemo hiyo vipi? Tena mkasi wa jeni ukikata pasipo pake ukafika kwenye mbegu za uzazi, kosa litarithiwa na wajukuu. Karafuu zao waziweke.

MkungaWete: Na kupima tumboni je?

Uzazi_Chake: Inawezekana. Kipande cha kondo huchukuliwa wiki ya 11 hadi 14. Maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, mililita 15 hadi 20. Mililita mbili za mwanzo zimwagwe, maana damu ya mama ikiingia, maabara itasoma jeni za mama, jibu litoke AS na watu washerehekee bure. Mama wa kundi la damu hasi (Rh-) apate ndani ya saa 72 sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto. Mimba kuharibika kwa sindano ni chini ya 1 kwa 100, mkono ukiwa mzoefu. Lakini waulize kwanza: jibu likiwa SS, watafanya nini? Kama mimba hawaitoi kwa hali yoyote, sindano ya nini?

Maabara_Ugj: Hapo ndipo. Nguvu waziweke siku mtoto anapozaliwa. Usikubali kipimo cha kupindisha chembe kwa mtoto mchanga. F nyingi humficha SS, na hata kwa mkubwa hakitenganishi AS na SS. Taka elektroforesisi au HPLC, vipimo vinavyotenganisha aina za himoglobini. Damu ya kisigino ijaze duara la karatasi, ikauke kivulini saa 3 hadi 4 kabla ya bahasha. Masika haya, ukifunga mbichi inaota ukungu. Jibu likiwa FS (F ya uchanga na S, bila A, yaani sikoseli): penisilini V miligramu 125 asubuhi na jioni, aianze kabla ya miezi mitatu.

DktDamu: Na mama afundishwe kupapasa wengu, chini ya mbavu za kushoto. Ukivimba ghafla na mtoto akapauka, ni hospitali usiku huohuo.