Biharusi wetu ameteremshwa garini Darajani, na aliyemteremsha mnamjua nyote

Shangazi wa Kiponda:

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Unguja na kwingineko. Naandika usiku huu huu, hina haijakauka vidoleni, kwa sababu nikilala na jambo hili kifuani sitaamka. Yule bwana wa magari ya harusi, yule anayevaa miwani myeusi hata baada ya Isha, ambaye kila familia ya Mji Mkongwe imekwisha kumpa arubuni na kuijutia, leo amemteremsha mtoto wetu garini katikati ya Darajani, siku ya Ijumaa, na shela lake kichwani. Jina simtaji, wala hapana haja, maana najua kuwa msomaji amekwisha kuguna kabla ya kufika kwenye nukta.

Makubaliano yalikuwa mepesi hata mtoto wa chuoni angeyashika. Nyumba ya biharusi iko Kiponda, ndani kabisa, katika vichochoro vilivyojengwa kwa ajili ya watu na punda, ambamo wakipishana wanawake wawili wenye masinia ni lazima mmoja apande barazani. Hakuna gari liingialo humo, na hakuna aliyemwomba aliingize. Gari lilitakiwa lisubiri Mtini, pale barabara ya Mizingani. Biharusi afike kwa miguu na somo wake, yaani kungwi wake, na vigelegele vyake. Wapite polepole mbele ya Beit-al-Ajaib, wapigwe picha Forodhani, wapenye chini ya jengo la Mayatima kuingia Shangani, washike Barabara ya Kenyatta mpaka Mnazi Mmoja, na kutoka hapo waende moja kwa moja ukumbini Mazizini. Njia hiyo nilimchorea kwenye karatasi, naye akaikunja na kuitia mfukoni kwa heshima zote.

Gari lilichelewa, lakini kuchelewa tumekuzoea. Kioo cha nyuma kilikuwa na herufi za harusi ya watu wengine, S na K, na sisi hatuna S wala K katika ukoo mzima. Somo alipoinama kumpangia biharusi mkia wa gauni, alikuta chini ya kiti kikuba kilichonyauka, asumini zake zimekuwa rangi ya chai, cha biharusi wa jana au wa asubuhi, Mungu ndiye ajuaye. Tuliahidiwa gari jipya. Mimi naamini gari lile lilikuwapo Sayyid Barghash alipokuwa anajenga Beit-al-Ajaib mwaka 1883, na huenda ndilo lililobeba chokaa. Haya yote niliyameza.

Darajani sikuimeza. Badala ya kuelekea Forodhani, yule bwana, ambaye leo aliendesha mwenyewe, aligeuza kuelekea bandarini Malindi, akaingia barabara ya soko huku simu ikiwa sikioni, akasimama mbele ya matenga ya kuku, akageuza shingo na kusema: “Biharusi, teremka, muda wako umekwisha.”

Muda wako umekwisha! Hata kondakta wa daladala hamwambii hivyo abiria aliyekataa kulipa nauli. Kumbe alikuwa na biharusi mwingine anamsubiri Amani, na sisi tulikuwa tunamchelewesha. Basi mtoto wa watu akateremka, akasimama baina ya kuku na mafenesi, somo ameushika mkia wa gauni kwa mikono miwili usiguse maji ya samaki, soko zima likanyamaza, na muuzaji mmoja, kwa adabu zake zote, akamuuliza kama angependa mfuko. “Biharusi, teremka.” Nimeyasikia maneno hayo tangu Magharibi hadi sasa, na kila nikifumba macho namwona anageuza shingo.

Tuliokolewa na Noah ya mjomba wake iliyokuwa imebeba sufuria la pilau, na biharusi akaingia ukumbini ananukia bizari na karafuu, udi wote tuliomfukiza tangu alfajiri umepotea. Nilipompigia yule bwana kudai fedha zetu, alinijibu kwamba arubuni hairudi kwa kuwa gari “limetumika”. Naomba kwanza mnisaidie kulaani. Ushauri uje baadaye.

Baraza la Sokomuhogo:

Pole sana, shangazi. Huyo huyo aliondoka na viatu vya biharusi wetu ndani ya buti, na bibi wa watu akakaa jukwaani usiku kucha amevificha vidole chini ya gauni. Viatu viliporudi vilikuwa vimechakaa kwenye visigino, jambo ambalo mpaka leo hakuna aliyethubutu kuuliza lilikuwaje.

Mkweli Mchungu:

Shangazi, kwa heshima zako zote, huu ni mwezi wa Shaaban. Kila mwenye posa anakimbilia kuoa kabla ya Ramadhani haijaingia, magari ya kukodi hayatoshi, na wewe ukapata gari kwa nusu ya bei ya wenzako ukadhani umebahatika. Uliponunua bei ya bajaji ulitegemea adabu ya Rolls-Royce?

Shangazi wa Kiponda:

Bei haihusiani hata kidogo. Hata kama alinibebea bure, biharusi huteremshwa ukumbini, hateremshwi sokoni. Alimwambia “teremka”, ndugu yangu. Hakumwambia hata “tafadhali”.

Fundi Chokaa:

Mimi kazi yangu ni kukarabati nyumba za Mji Mkongwe, na mwezi kama huu hupata kibarua kutokana na magari ya harusi, kwa hiyo labda nisingepaswa kutoa siri. Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 kwa sababu umebaki na umbile lake, na umbile lenyewe ndilo hilo la vichochoro, baraza na kona zisizomsamehe dereva. Watu huanza kwa kuchagua rangi ya gari na utepe, na barabara wanaikumbuka siku yenyewe. Anzeni na mahali gari litakaposimama. Kisha mwandikiane saa ya kufika, saa ya kuachiliwa na malipo ya kila saa itakayozidi, na mumuulize bila haya ana harusi ngapi siku hiyo, kwa sababu gari lenye harusi tatu huwa ni la yule wa mwisho aliyepiga simu kwa ukali. Tena mkaipite njia hiyo Ijumaa baada ya Alasiri, si Jumanne asubuhi, mwone magari yanavyoegeshwa kandokando ya misikiti. Mwaka jana niliitwa Shangani kuziba pembe ya baraza iliyong'olewa na gari refu la kifahari lililotaka kukata kona. Mwenye nyumba aliwazuia wasiondoke mpaka alipwe, na bwana harusi akawa anahesabu noti juu ya boneti akiwa na joho na kilemba, mke wake hajamwona bado.

Mkweli Mchungu:

Fundi, hiyo ni khutba nzima. Ungeianza kwa “enyi wenye kukodi”.

Mtoto wa Minara Miwili:

Nyinyi angalau mliteremshwa kwenye kivuli cha soko. Harusi yetu ilikuwa Minara Miwili, wakati wa masika, na dereva aliapa kwamba gari lake halitoki Barabara ya Kenyatta hata kwa amri ya Papa. Dada yangu alikwenda kanisani kwa miguu chini ya mwavuli mweusi wa mlinzi wa duka, wapambe wakiruka madimbwi nyuma yake, na bado kwenye malipo tuliongezewa “gharama ya kusubiri katika mvua”. Aliyesubiri katika mvua ni nani? Gari au dada yangu?

Shangazi wa Kiponda:

Pole, lakini dada yako aliteremka kwa hiari yake. Wetu aliambiwa muda wake umekwisha.

Mlamu wa Mkomani:

Nawasoma nikicheka. Sisi Lamu, mji ulioingizwa katika orodha hiyo hiyo mwaka 2001, magari hatunayo vichochoroni na ugomvi huu hautuhusu. Wetu ni wa mashua. Harusi ya binamu yangu ilikuwa Shela, tukakodi mashua iliyopambwa mpaka mlingotini, na nahodha akaja kwa muda wake mwenyewe wakati maji yamekwisha kupwa. Biharusi alibebwa kitini na wajomba wanne, na wajomba wenyewe wamezama matopeni hadi magotini, huku nahodha akiwa amekaa tezini anakula tende na kuwaelekeza wapi pa kukanyaga.

Baraza la Sokomuhogo:

Heri nahodha, maana maji kupwa yameandikwa na Mola. Huyu wetu hupwa mwenyewe.

Binti Kibokoni:

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nawashangaa mnavyong'ang'ania magari makubwa katika miji ya kale. Hapa Mji wa Kale, harusi yangu ilikuwa Ndia Kuu, nikakodi tuktuk mbili, moja yetu na moja ya gauni, tukazifunga utepe mweupe na mashada ya maua bandia, na zikapita kila mahali ambapo Prado ya wifi yangu ilikwama ikapigiwa honi mpaka Magharibi. Wifi hajanisemesha tangu siku ile, nami sioni hasara.

Mtoto wa Minara Miwili:

Tuktuk? Na picha zikatoka vipi? Watu wataona biharusi amepakiwa pamoja na mzigo wa sokoni.

Binti Kibokoni:

Picha zilitoka vizuri kuliko za Prado, kwa kuwa tuktuk haina vioo vya kuficha sura ya mtu aliyelipa fedha ili apambwe.

Fundi Chokaa:

Kwa upana, tuktuk hata Kiponda haiwezi kufika mlangoni. Itakwama penye baraza. Lakini mpaka Mtini itafika bila taabu, na kwenye kona ya Shangani haitaninyima usingizi, ingawa itaninyima kibarua.

Shangazi wa Kiponda:

Ndugu zangu, huu uzi niliufungua kwa ajili ya Darajani. Hakuna aliyesema lolote juu ya maneno aliyoambiwa mtoto. Biharusi, teremka!

Mkweli Mchungu:

Tumekusikia, shangazi, na yeye tumemlaani kila mtu kwa nafsi yake. Binti Kibokoni, hizo tuktuk mbili zilikodiwa kwa saa au kwa safari, na utepe ulikuwa juu ya nani?