Daftari safi, maksi mbovu: shule inamsaidia binti yangu au inampoteza? Naombeni ushauri

MamaBinti (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Huwa nasoma tu na kupita, lakini leo yamenifika shingoni.

Nina binti wa miaka 15, yuko sekondari. Si mtundu, hatoroki, hana makundi. Tangu akiwa mdogo ripoti zake zinasema jambo lile lile: "Mtulivu, ana bidii, aongeze juhudi." Maksi nazo zinashuka kila muhula. Safari hii masomo manne yako chini ya nusu.

Jumapili nilichukua daftari lake la biolojia nikakaa nalo. Ni zuri jamani. Vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula, maelezo kwa wino wa bluu, majina kwa mwekundu, mchoro wa moyo umepakwa rangi mpaka kwenye vimishipa. Nikamwita: "Mwanangu, hebu nieleze hapa, damu inaingilia wapi na inatokea wapi?" Akautazama mchoro aliouchora kwa mkono wake kama wa mtu mwingine. Akaanza kunisomea maandishi ya pembeni. Nikamwambia afunge daftari anieleze kwa maneno yake. Kimya. Machozi yakamlengalenga, akasema, "Mama, huwa hatuelezi. Huwa tunanakili."

Kilichoniumiza zaidi nilikiona baadaye, ameshaenda kulala. Ukurasa wa tatu aliruka mstari mzima alipokuwa akinakili, mwanzo wa sentensi moja ukaungana na mwisho wa nyingine, haileti maana yoyote. Ukurasa huo una vema kubwa jekundu na sahihi ya mwalimu.

Baba yake anasema mtoto ni mvivu, simu imemharibu, mbona sisi tulisoma hivyo hivyo tukafika. Dada yangu anasema nimhamishe haraka. Mimi sijui niamini nini. Je, shule zimewaacha hawa watoto wa leo, au tunazidai kazi ambayo si yake? Nihamishe? Nitafute tuisheni? Nianzie wapi? Naombeni mnishauri kama dada yenu.

BabaWatatu

Pole sana dada. Mimi simung'unyi maneno: hamisha. Shule inayotia vema kwenye sentensi isiyo na maana haisomi kazi ya watoto. Kijana wa leo ana maelezo yote ya moyo kwenye simu, tena kwa video, halafu anakalishwa siku nzima kuhamisha maneno kutoka ubaoni kwenda daftarini. Kwa faida ya nani? Hapo hakuna msaada, kuna muda unaopotea wala haurudi.

MwalimuChaki

Mleta uzi, mimi ni mwalimu, mwaka wa 19 sasa. Vema hilo limenichoma kwa sababu nimeshayatia ya namna hiyo, tena mengi.

Nikueleze linavyotokea, si kwa kujitetea. Darasa langu lina wanafunzi 60. Kipindi ni dakika 40. Nikiamua leo sifundishi kabisa, nazungumza na mmoja mmoja tu, kila mtoto anapata sekunde 40. Mkaguzi akija anauliza mambo mawili: silabasi imefika wapi, na madaftari yamesahihishwa? Haulizi kama mtoto anaweza kueleza moyo. Basi mwalimu anajifunza kuandika ubaoni haraka na kutia vema haraka. Wanaonekana watoto wa aina mbili, yule anayeongoza na yule msumbufu. Mtulivu mwenye mwandiko mzuri anapita katikati mwaka hadi mwaka, na kila mwalimu anadhani huyu hana shida.

Kwa hiyo sikubali kwamba binti ni mvivu. Daftari ulilolieleza limechukua saa nyingi. Amefanya kazi kubwa, ila ni kazi isiyoingiza kitu kichwani, na hakuna aliyemwambia. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akachapisha mwaka 1885 jinsi tulichojifunza kinavyotupotea, tena sehemu kubwa hupotea saa za mwanzo kabisa. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma na kurudia kusoma. Lingine lilisoma mara moja, likafunga, likaandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Hapo ndipo watoto wetu wanapodanganyika. Ukirudia kusoma unajisikia unajua, mpaka siku ya mtihani.

Fanya hivi nyumbani. Asome nusu ukurasa, afunge, achukue karatasi tupu aandike anachokumbuka bila kuchungulia. Kisha afungue na kujaza yaliyobaki kwa wino wa rangi nyingine, ili aone kwa macho yake pengo liko wapi. Dakika kumi zinatosha. Kesho arudie kidogo, wiki ijayo tena. Wiki ya kwanza atachukia, maana karatasi itakuwa tupu kweli. Usimsemeshe kuhusu maksi wakati huo, na usikae juu yake kama msimamizi wa mtihani.

Tuisheni usikimbilie bado. Nyingi ni ubao mwingine wa kunakili.

Muuguzi_wa_Zamu

Naongezea kwa upande wangu. Kabla ya yote apimwe macho na masikio. Mtoto asiyeona ubao vizuri hunakili kutoka kwa jirani, na kuruka mstari ni jambo la kawaida kabisa hapo. Wengi hawasemi, kwa sababu hawajui kwamba wenzao wanaona tofauti.

Pili, analala saa ngapi? Umri wa miaka 13 hadi 18 unahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku mmoja. Mwili wa kijana huchelewa kupata usingizi kuliko wa mtoto au wa mtu mzima, si ujeuri. Ndiyo maana mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Wewe huwezi kubadilisha kengele ya shule, lakini simu inaweza kulala chumba kingine.

Na tafadhali msikilize. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Sisemi binti yako ni mmoja wao. Nasema mtulivu na mwenye huzuni hufanana sana ukiwatazama kutoka mbali. Kama ameacha vitu alivyovipenda, hali vizuri au hataki kuonana na watu, mpeleke kwa mtaalamu, usingoje matokeo.

NimemalizaJuzi

Shikamoo mama. Nimemaliza sekondari juzi tu na nilikuwa kama binti yako, daftari langu wenzangu walikuwa wanaliazima. Nilipofeli hakuna aliyeelewa, hata mimi.

Kuhusu kuhama, BabaWatatu naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Mimi nilihamishwa mara mbili. Nilikofika nilikuwa tena yule mtulivu wa pembeni, ila sasa sina hata rafiki. Kilichonisaidia ni mwalimu mmoja wa kemia. Aliniita kwa jina langu, akaniuliza swali, halafu akasubiri. Darasa zima lilinyamaza, nikaona atamwita mwingine kama walivyozoea wote. Hakumwita. Nilijibu nikakosea, akasema, "Nusu yake ni kweli, ipi?" Ile nusu nimeishika mpaka leo.

Ombi langu moja: usiende shuleni kabla hujamuuliza yeye mwenyewe. Tunaogopa sana wazazi kuja.

BabaWatatu

Mdogo wangu, nimekuelewa, na kwa kuhama narudisha nusu ya maneno yangu. Lakini nina donge. Kila ushauri hapa ni kazi ya mama: apime macho, apange usingizi, asimamie karatasi tupu. Shule inabaki na kazi gani? Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 29, unasema elimu ielekezwe kukuza utu wa mtoto, vipaji vyake na uwezo wake wa akili na mwili kadiri inavyowezekana. Haukusema kukuza mwandiko. Yule mtoto ambaye nyumbani hana wa kumfungulia daftari, nani atamwona?

MzeeTafakari

Swali lako la mwisho ndilo lenyewe, kijana wangu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia na UNESCO na wenzao walikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto saba kati ya kumi wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi rahisi. Wengi wa hao wako darasani. Madaftari wanayo, na nadhani mengine yana vema.

Lakini mimi siwezi kusema shule haisaidii. Mwaka 2020 zilipofungwa, wanafunzi zaidi ya bilioni moja na nusu walikaa nyumbani, na walioumia zaidi ni hao hao unaowasemea, wasio na mtu wala kifaa. Kwa mtoto wa namna hiyo shule ndiyo mlango pekee. Kosa ni kwamba tumekubali kuhesabu walioingia mlangoni tukaacha kuuliza wanatoka na nini. Mzazi anayeuliza jambo hilo kwa adabu anawaulizia wote 60.

Mama, ukienda, acha ripoti nyumbani. Ripoti inafungua ugomvi wa maksi. Beba daftari, fungua ule ukurasa wa tatu, uuweke mezani, kisha omba jambo moja tu linalowezekana. Ukiomba kumi utaahidiwa yote.

MamaBinti (mleta uzi)

Wakuu, zimepita wiki tatu, nimerudi.

Macho na masikio mazima. Usingizi ulikuwa saa sita, sasa unakaribia nane. Karatasi ya kwanza aliandika mistari minne akaisukuma pembeni, akasema anajiona mjinga. Karibu niache siku hiyo.

Shuleni nilikwenda, na nilikosea. Ushauri wa NimemalizaJuzi niliusoma nikaupita, nikachukua daftari bila kumuuliza. Alikasirika, siku mbili hakusema nami. Nilimwomba radhi, nikamwahidi sitagusa tena kitu chake bila idhini yake. Mwanangu, ulisema kweli, samahani kwa kutokusikiliza.

Mwalimu wa biolojia ni kijana mdogo. Alisoma ule ukurasa, akausoma tena, akauliza kwa sauti ya chini, "Hili nimelisahihisha mimi?" Sikumjibu. Niliomba jambo moja, amuulize binti swali moja kwa wiki na amsubiri. Ameuliza mara mbili. Mara ya kwanza hakujibu. Mara ya pili alijibu.

Kuhama nimesitisha mpaka mwisho wa muhula. Baba yake bado anasema simu, lakini jana alikuwa amekaa pale mezani binti akichora moyo kwenye karatasi tupu. Umechorwa vibaya, hauna rangi, mishale imefutwa na kuchorwa upya mpaka karatasi imetoboka upande wa mapafu. Alikwama kwenye ventrikali ya kushoto. Nikafungua mdomo nimsaidie, akaninyooshea mkono: "Subiri, usiniambie."

Sasa naomba msaada kwenye hesabu. Huko karatasi tupu haifanyi kazi, anakariri jibu la mfano. Mwalimu Chaki, uko?

MwalimuChaki

Nipo. Chukua swali ambalo limeshafanywa lote, funika hatua ya mwisho kwa karatasi, aifanye yeye. Kesho funika mbili za mwisho. Endelea kupanda juu hivyo mpaka abaki na swali peke yake. Na kila hatua muulize "kwa nini hapa umegawanya?" hata kama amepatia. Akikwama, niletee hapa hatua yenyewe aliyokwamia, tuitazame pamoja.