Sensa ikichomoka draiva yetu inasema nyuzi hasi 127, halafu mnauliza mayai yameivaje

Wakuu, leo naandika na hasira na simwombi mtu radhi.

Kuna mama huko Kihonda ana mashine yetu ya kutotolea vifaranga. Siku ya 17, zimebaki nne tu, waya wa DS18B20, ile sensa ya joto, ukachomoka. Draiva yetu, yaani programu inayoisoma sensa, ikiikosa hurudisha -127. Yaani namba, kama vile ni joto! Kidhibiti kinatafuta 37.5, kikaona mayai yamo kwenye barafu, kikawasha hita na hakikuizima tena. Trei nane. Asubuhi mama anafungua mlango, anakutana na harufu ya mayai ya kuchemsha.

Na msiniambie ni bahati mbaya. Wikendi tatu nzima nilikaa nasafisha laibrari yetu ya draiva. Nilikuta mafolda manne ya BME280, sensa inayopima na unyevu: moja la kawaida, jingine "mpya", jingine "mpya_mwisho", na la nne "USIGUSE". Kila mmoja wenu ana lake. Hakuna hata moja linalosoma rejista ya 0xD0, ile sehemu ya kumbukumbu ambamo chipu inajitambulisha, kujua ni chipu gani imefungwa. Ikijibu 0x60, hiyo ni BME280. Ikijibu 0x58, umeuziwa BMP280, ambayo haipimi unyevu kabisa. Siku mbili tumelaumu sinia la maji ya unyevu, kumbe dukani tulipigwa na draiva imenyamaza kimya. Baiti moja tu jamani, kuisoma mlishindwa nini?

DS18B20 ndiyo usiseme. Ikipata umeme tu, rejista yake ya joto inakaa kwenye 85 mpaka ipime mara ya kwanza. Datashiti, maelezo ya mtengenezaji, inasema wazi. Upimaji wa biti 12 unaweza kufika milisekunde 750, basi mwenzetu akachomeka delay(750), amri ya kusimama bila kufanya lolote, ndani ya draiva. Sensa nne, zinasomwa moja moja: sekunde tatu mashine haisikii hata kitufe. Akaja mwingine, kusubiri kukamkera, akafuta mstari wote na kuondoka zake. Ndiyo hizo 85 mnazoziona kila mashine ikiwashwa, mnasema "umeme mchafu".

Nikanyoosha yote. Draiva ikawa inaripoti kosa peke yake, kipimo peke yake, na kosa likitokea hita inazimwa na king'ora kinalia. Sensa hutuma baiti tisa, ya tisa ni CRC, namba ya kukagua kama zile nane zimefika salama. Tulikuwa tunaitupa, nikaanza kuikagua. Kusubiri nikakutoa ndani ya draiva: unaagiza kipimo, unaendelea na kazi nyingine, unarudi baadaye kukichukua. Mafolda manne yakawa moja.

Wiki mbili hazijaisha, mtu akarudisha toleo lote la zamani kwa sababu mradi wake uligoma kukompaili, yaani kodi yake haikugeuka programu. Hakuuliza. Kwenye maelezo kaandika "marekebisho madogo". Nikimpigia ananijibu ilikuwa inafanya kazi, mimi ndiye niliyeigusa. Ilikuwa inafanya kazi kwa sababu waya ulikuwa haujachomoka, bwana!

Mashine ya Kihonda ilipakiwa kutoka kwenye hayo marekebisho madogo.

Toleo safi nimelirudisha, na funguo za tawi kuu, lile toleo la kodi tunalotumia wote, sasa ninazo mimi. Ukitaka kubadilisha kitu, chomoa waya kwanza mezani kwako, nioneshe hita imezimika, ndipo tuongee. Mama anataka hela ya mayai 240 Jumamosi. Aliyeandika "marekebisho madogo" ndiye atakayepanda daladala kwenda kumlipa, mimi siendi.