Wakuu, Kithai cha wiki tatu kinawezekana?

Pweza Mkavu: Heshima kwenu wakuu. Nina wiki tatu nijue Kithai cha kuombea maji na kuulizia bei. Nimeshika "sawasdee khrap" na "khop khun", basi, nimekwama. Herufi zao naona siafu tu. Nianzie wapi?

Dalali Mstaafu: Herufi ziache kwanza, konsonanti peke yake ni 44 na maneno hayaachiani nafasi. Shika toni, yaani sauti inavyopanda na kushuka kwenye neno, ziko tano. "Mai" moja ni "si", nyingine "mpya", nyingine "mti". Sisi tuna barabara ya magari na barabara ya "sawasawa", wao karibu kila neno liko hivyo. Raha yake kitenzi hakibebi kitu: "pai" ni naenda, nilienda, wataenda. Na ng' tunayo, kazi ni "ng'aan". Mzungu inamtoa jasho, wewe umekua na ng'ombe. Mimi nilijifunzia Chanthaburi nikiuza spineli, vito vya Mahenge. Mnunuzi anashika jiwe, hajalimulika hata tochi, keshasema "phaeng", ghali! Kuna siku nimebaki na mawe mfukoni na nauli sina…

Ndimu Kali: Mzee, uzi si wako 555
(Tano kwao ni "ha". Ndiyo kicheko chao.)

Mama Wawili: Mwanangu, lugha utajua tu. Huko Pattaya ndiko ukapaogope.

Kobe Hakimbii: Mleta uzi, unaenda kufanya nini?

Pweza Mkavu: Kazi tu, mkuu. Ya kompyuta.

Kobe Hakimbii: Mji gani? Tiketi kalipa nani?

Pweza Mkavu: Wakala. Nashukia Bangkok, gari linanipeleka Mae Sot. Dola 1,500 kwa mwezi, malazi bure. Na msianze, bodaboda nimeshauza na nyumbani nimeaga.

Kobe Hakimbii: Mae Sot ni mpakani. Ukivuka mto Moei uko Myawaddy, Myanmar, kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni. Februari 2025 walitolewa watu kwa maelfu, Wakenya na Waethiopia wakiwemo. Kule Kithai hata hukihitaji, unachatisha watu kwa Kiingereza usiku kucha.

Ndimu Kali: Chai hii. Kajiunga leo, uzi mmoja, na mji wa mpakani kauandika bila kukosea herufi. Tumepigwa.

Mama Wawili: Na isipokuwa chai?

Pweza Mkavu: Si chai. Wakala mwenyewe mtu wa watu, hata neno kanifundisha. Nilimuuliza kazini ni mbali na uwanja wa ndege, akasema "klai", yaani karibu.

Dalali Mstaafu: Bangkok mpaka Mae Sot ni kama kilomita 500, kijana. "Klai" ukishusha sauti ni karibu. Ukiinyoosha ni mbali. Yeye aliisemaje?

Pweza Mkavu: Voisi ninayo. Ngoja.

Pweza Mkavu: Imenyooka.