Naomba ushauri: mtoto wa darasa la kwanza na baiskeli

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Nina kijana wa miaka 6, kaanza darasa la kwanza Januari hii, hapa Tanga. Kazi yangu ni ya shifti na ofu ni Jumatano tu, kwa hiyo siku hiyo ndiyo nampeleka shule mwenyewe kwa baiskeli. Siku nyingine anatembea na dada yake. Basi Jumanne usiku halali, anakuja kuuliza kama nimejaza upepo.

Wiki mbili zilizopita, tukiwa tunarudi, alisinzia kwenye kerio, kisigino kikaingia kwenye spoku. Namshukuru Mungu, kiatu kilichanika yeye akachubuka tu. Tangu hapo mama yake hataki kusikia habari ya kerio.

Mtoto naye kaja na lake: anataka aendeshe kibaiskeli chake pembeni yangu. Balansi anayo, breki ndiyo bado. Akitaka kusimama anaburuza miguu chini. Na viatu vya shule bei yake mnaijua! Njia ya ndani ni mchanga mtupu, haina shida, ila lazima tuvuke lami, na bodaboda pale wanapita kama wametumwa.

Mliopitia haya, fundi wa mtaani anaweza kuchomelea kinga ya spoku na sehemu ya kukanyagia? Au nimwache aendeshe, tukifika lami tushuke tukokote? Jumatano hiyo inakuja, na nimeshamwahidi.